Maisha ya Imamu Abu Hanifa: Mfanya Biashara Aliyetanguliza Elimu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango ya riziki ya halali, na sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyefanya biashara kwa uaminifu kabla ya kupewa utume, na ziwashukie ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: Khabari za Imamu Abu Hanifa zinajulikana na watu wengi kwa upande wa fiqhi yake. Ni wachache wanaozikumbuka kwa upande wa duka lake. Na watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao ndio wengi katika pwani hii, huenda wakadhani kuwa maisha ya Imamu wa madhehebu mengine hayawahusu sana. Sivyo, kama itakavyobainika mwisho wa kijitabu hiki. Yamekusanywa humu yale yanayomfaa khasa mtu ambaye nyumba yake ndiyo karakhana yake na baraza yake ndiyo duka lake, aone jinsi mtu mkubwa alivyoiendesha kazi kama hiyo kwa elimu na kwa mpango, na faida aliyoipata kwa vitu viwili hivyo.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Jina lake khasa ni Nuumani bin Thabit. Abu Hanifa ni jina la kuniya, nalo ndilo lililoshinda. Alizaliwa katika mji wa Al-Kufa, nchi ya Iraki, mwaka 80 wa Hijra (699). Asili ya wazee wake ni Uajemi, na inasimuliwa kuwa babu yake, aliyeitwa Zuta, alitoka upande wa Kabul.

Mji wa Al-Kufa ulijengwa mwaka 17 (638) na Saad bin Abi Waqqas kwa amri ya Sayyidna Umar. Kwanza ulikuwa kambi ya askari, kisha ukawa mji mkubwa wa masoko na wa elimu. Abdallah bin Masud alisomesha hapo, na Sayyidna Ali aliufanya makao ya ukhalifa wake. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa Al-Kufa zama zile alikulia kati ya vitu viwili: kelele za soko na darasa za msikitini. Kwa Nuumani, soko ndilo lililomshika kwanza, kwani baba yake alikuwa mfanya biashara, naye akaishika kazi ya baba yake tangu ujana.

BIASHARA YAKE

Biashara yake ilikuwa ya khazi. Khazi ni kitambaa cha thamani kilichofumwa kwa hariri na sufi, na watu wakubwa wa Iraki walikipenda kwa ulaini wake na kwa joto lake wakati wa baridi. Wanavyuoni wa tarekhe wameandika kuwa Abu Hanifa alikuwa na nyumba kubwa ya kufanyizia khazi, na ndani yake mlikuwa na mafundi na watu wa ujira. Duka lake la kuuzia lilikuwa katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Amri bin Hurayth, na watu wote wa Al-Kufa walilijua.

Ipo haja ya kuizingatia hali hiyo. Kazi iliyo ndani ya nyumba ina baraka zake, na ina khatari zake. Baraka yake ni kuwa mtu hufanya kazi karibu na watu wake, haimpasi kulipa kodi ya mahali pawili, na jicho lake halibanduki penye mali yake. Khatari yake ni kuwa kilicho cha nyumba na kilicho cha biashara huchanganyika mara moja. Mkono unaotoa posho ndio huo huo unaotoa rasilmali, wala mwenyewe hajui ni upi uliotoa zaidi. Wageni huingia wakati wa kazi, na kazi huingia wakati wa ibada. Deni humezwa na maneno ya ujirani. Mtu akafanya kazi mwaka mzima kwa jasho, na mwisho wa mwaka asijue kama amepata au amekhasirika. Kwa mtu wa namna hii bidii ya mikono haitoshi. Abu Hanifa aliyaepuka hayo yote, na aliyaepuka kwa sababu mbili: alisoma, na alipanga.

JINSI ALIVYOINGIA KATIKA ELIMU

Katika ujana wake hakuwa mwanafunzi. Alikuwa akenda sokoni asubuhi na kurudi jioni kama vijana wengine wa maduka. Siku moja alipita mbele ya mwanachuoni mkubwa wa mji, Amir ash-Shaabi. Shaabi akamwuliza anakwenda kwa nani. Kijana akajibu kuwa anakwenda sokoni, akamtaja mtu wa biashara. Shaabi akambainishia kuwa hakuuliza soko, aliuliza mwanachuoni gani anamwendea. Kijana akakiri kuwa hawaendei sana wanavyuoni. Hapo Shaabi akamnasihi asijiache hivyo, ashike elimu na vikao vya wanavyuoni, kwani ameiona kwake akili iliyo macho. Maneno hayo yakamwingia moyoni, nayo ndiyo yaliyomgeuza.

Kwanza alijishughulisha na elimu ya kujadiliana katika mambo ya itikadi, akawa mara nyingi husafiri hata Basra kuhojiana na makundi ya huko, mpaka akaashiriwa kwa vidole. Kisha likatokea jambo dogo. Mwanamke mmoja alimjia akamwuliza juu ya mume anayetaka kumwacha mkewe kwa talaka ya suna, atamwachaje. Abu Hanifa hakulijua jawabu. Akamwambia akamwulize Hammad bin Abi Sulayman, ambaye darasa yake ilikuwa karibu, kisha arudi amweleze alivyojibiwa. Mwanamke akenda, akarudi na jawabu lililotimia. Abu Hanifa akaona haya: ana maneno mengi ya kushinda watu, na swali la mtu mwenye haja limemshinda. Akatwaa viatu vyake, akenda akakaa mbele ya Hammad.

Alikaa kwa Hammad muda wa miaka 18, mpaka sheikh wake huyo alipokufa mwaka 120 (738). Baada ya kupita miaka kama kumi nafsi ilimshawishi ajitenge, awe na darasa yake mwenyewe. Kabla hajafanya hivyo, Hammad aliletewa khabari ya jamaa yake aliyekufa Basra na kuacha mali, wala hakuwa na mrithi mwingine ila yeye. Akasafiri, akamwacha Abu Hanifa mahali pake. Katika muda wa miezi miwili Abu Hanifa aliulizwa masuala ambayo hakupata kuyasikia kwa sheikh wake, akayajibu na majawabu yake akayaandika. Hammad aliporudi akamwonyesha. Masuala yalikuwa kama 60. Hammad akaafikiana naye katika 40, akamkhalifu katika 20. Abu Hanifa akaapa kuwa hatamwacha mpaka kufa kwake.

Mtu mwingine angaliwaeleza watu yale 40 aliyoyapata. Yeye aliyatazama yale 20 aliyoyakosa, akajua kuwa bado anahitaji kufunzwa. Wala hakuwa kijana asiye na chakula, hata ikasemwa alikaa kwa sababu hana pa kwenda. Alikuwa tajiri mwenye nyumba ya mafundi, na kila saa aliyokaa mbele ya Hammad ilikuwa saa aliyoitoa katika duka lake. Aliitoa kwa kujua anachonunua.

MPANGO WA SIKU ZAKE NA MALI YAKE

Elimu haikumfanya aiache biashara, wala biashara haikumla elimu yake. Vyote viwili vilikaa pamoja kwa sababu kila kimoja kilipewa wakati wake. Wanafunzi wake wamesimulia kuwa sokoni alikuwa akikaa tangu mchana unapopanda mpaka karibu na adhuhuri. Siku ya Jumamosi hakuonekana sokoni wala katika darasa, siku hiyo aliiweka kwa mambo ya nyumba yake na mali yake. Na siku ya Ijumaa alikuwa akiwakusanya wanafunzi wake nyumbani kwake, akiwapikia namna kwa namna za vyakula.

Tazama jinsi mtu mwenye kazi nyingi kuliko wengine alivyoitoa siku nzima katika kila wiki asiuze kitu. Mtu mwenye fikira fupi husema siku ya kutazama hesabu ni siku iliyopotea, kwani haikuingiza hata peni moja. Lakini siku ile moja ndiyo iliyozilinda siku nyingine. Mwenye duka asiyekaa na mali yake peke yake, bila ya mteja mbele yake, hana wakati wa kujua bidhaa ipi inatoka na ipi inalala, nani amelipa na nani hajalipa, na fundi gani amefanya kazi njema.

Pia aliwekea mpaka matumizi yake. Inasimuliwa kuwa kwa muda wa miaka 40 hakuwa akizuia katika mkono wake zaidi ya dirham 4,000. Zilipozidi alizitoa. Aliufuata katika hayo mpaka uliopokewa kutoka kwa Sayyidna Ali, kuwa dirham 4,000 na chini yake ndiyo kadiri ya matumizi ya mtu. Kwa hivyo alijua ni kiasi gani kinachotosha kwa nyumba yake, wala hakungoja fedha iishe ndipo ajue.

Na faida alikuwa akiikusanya mwaka hata mwaka. Iko sehemu ya bidhaa aliyoitenga tangu mwanzo, akanuia kuwa faida yake si yake. Mwaka ulipotimia alinunua kwa faida hiyo mahitaji ya masheikh na wapokezi wa Hadithi, vyakula vyao na nguo zao, na fedha iliyobaki akawapa mkononi. Alikuwa akiwaambia wamshukuru Mwenyezi Mungu wala wasimshukuru yeye, kwani hakuwapa kitu katika mali yake, ni faida ya bidhaa yao. Hiyo ndiyo sadaka ya mtu anayejua hesabu: haikutolewa kwa pupa siku ya furaha, ikakatwa siku ya dhiki. Ilipangwa, kwa hivyo ikadumu.

ELIMU YAKE NDANI YA DUKA

Sayyidna Umar alikuwa akiwakataza wasiojua hukumu za dini wasiuze katika soko la Waislamu, kwa kuchelea wasije wakala riba na kuwalisha wengine bila ya kujua. Abu Hanifa alikuwa mfano wa mfanya biashara mwenye elimu hiyo, na visa vyake vinaonyesha jinsi elimu inavyofanya kazi penye mizani na kitambaa.

Siku moja mwanamke alimletea nguo ya hariri ainunue. Akamwuliza anataka kiasi gani. Mwanamke akataka dirham 100. Abu Hanifa akamwambia thamani yake ni zaidi ya hizo. Mwanamke akazidisha mia kwa mia mpaka 400, na Abu Hanifa akasema bado ni zaidi. Mwanamke akadhani anachezewa. Abu Hanifa akamtaka amlete mtu wa kuithamini, akaletwa mtu, ikanunuliwa kwa dirham 500. Muuzaji alikuwa hajui bei ya mali yake mwenyewe, na mnunuzi alikuwa anaijua. Lau mnunuzi angalikuwa mtu mwingine, mwanamke yule angalikwenda zake na dirham 100 huku akimwombea dua aliyemdhulumu. Hiyo ndiyo khasara ya kutojua: mwenyewe haioni inapoingia.

Kizee mmoja naye alimjia akataka nguo, akamwomba amwuzie kwa thamani aliyoinunulia kwa kuwa yeye ni dhaifu. Abu Hanifa akamwambia aichukue kwa dirham nne. Kizee akamwomba asimdhihaki katika uzee wake. Abu Hanifa akamweleza kuwa alinunua nguo mbili pamoja, akaiuza moja kwa kiasi cha rasilmali yote kasoro dirham nne, kwa hivyo hii ya pili imemsimamia kwa dirham nne. Watu husimulia kisa hiki kwa kuonyesha huruma yake, na hapana shaka huruma imo. Lakini imo na hesabu. Mtu asiyejua kila nguo katika duka lake imemsimamia kwa kiasi gani hawezi kutoa jawabu lile. Atapunguza kwa huruma mpaka ale mtaji wake, au atakataa kwa hofu na anayo nafasi ya kusaidia.

Kisa kilicho kikubwa zaidi ni cha mshirika wake, Hafsi bin Abdurrahman. Abu Hanifa alimpelekea bidhaa, na katika hizo imo nguo yenye aibu. Akamwusia kuwa atakapoiuza ambainishie mnunuzi aibu ile. Hafsi akaziuza zote, akasahau kubainisha, wala mnunuzi hakujulikana tena ni nani. Abu Hanifa alipojua, akatoa sadaka thamani ya bidhaa zile zote, na baadhi ya wapokezi wanaitaja kuwa ni dirham 30,000. Hakutoa thamani ya nguo moja tu, kwani fedha ilikwisha changanyika na haikuweza kupambanuliwa. Kwa hapa inajulikana kwa nini fiqhi inasisitiza kuandika na kushuhudisha. Kusahau kwa mtu mmoja, bila ya nia mbaya yoyote, kuliondoa mali ya msimu mzima. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Baqara, inaeleza namna ya kuandika deni. Mwenye kusema kuwa kuandika ni kutoaminiana hakuizingatia aya hiyo.

Athari ya duka ikaonekana pia katika fiqhi yake. Katika biashara ya salamu, nayo ni kulipa thamani sasa na kupokea mali baada ya muda, aliweka sharti kuwa yabainishwe mambo saba: jinsi ya mali, namna yake, sifa yake, kadiri yake, muda wake, kiasi cha rasilmali iliyotolewa, na mahali pa kukabidhiana ikiwa mali ina gharama ya kuchukuliwa. Mtu aliyekaa dukani anajua kuwa kila moja katika saba hizi, likiachwa bila ya kutajwa, ni ugomvi unaongoja siku yake. Fundi wa kushona anayepokea fedha ya kanzu kumi naye yampasa kutaja kitambaa gani, kipimo gani na siku gani. Huo ndio mpango, na sharia imeutangulia.

MALI ALIYOITOA KWA AJILI YA ELIMU

Mwanawe Hammad, aliyempa jina la sheikh wake, alipohitimu kusoma Sura ya Alhamdu, Abu Hanifa alimpa mwalimu wake dirham 500. Wako wapokezi wanaosema 1,000. Mwalimu akaona ni nyingi kwa kazi ndogo. Abu Hanifa hakuiona kuwa ni kazi ndogo. Alimtaka radhi kuwa lau angalikuwa na zaidi angalimpa zaidi, kwa kuitukuza Kurani. Mtu huyu ndiye yule yule aliyejua kila dirham imetoka wapi. Hakuwa mbadhirifu, bali alijua kitu gani kina thamani.

Kisa cha Abu Yusuf kinayazidi hayo. Alikuwa kijana maskini wa Al-Kufa, jina lake Yaaqub bin Ibrahim, aliyezaliwa mwaka 113 (731). Alipenda sana darasa ya Abu Hanifa, lakini nyumbani kwao hamkuwa na kitu. Siku moja baba yake alimjia katika darasa akamwondoa, akamwambia asiinyooshe miguu yake pamoja na ya Abu Hanifa: Abu Hanifa mkate wake umekwisha iva, naye anahitaji kutafuta maisha. Kijana akamtii baba yake, akapunguza kwenda darasani. Abu Hanifa akamwulizia. Aliporudi akamwuliza sababu, naye akasema ni kutafuta maisha na kumtii baba. Watu walipoondoka, Abu Hanifa akampa mfuko wenye dirham 100, akamwambia ashike darasa, na zikiisha amjulishe. Baada ya muda mchache akampa 100 nyingine. Abu Yusuf alisimulia kuwa hakupata kumjulisha hata mara moja kuwa zimekwisha, kana kwamba anaarifiwa, akawa hivyo mpaka alipokwisha haja.

Baba yake Abu Yusuf hakuwa mtu mbaya. Alisema kila anachosema baba maskini, na dhiki yake ilikuwa ya kweli. Kosa lake ni kuwa alihesabu mkate wa siku ile peke yake. Kijana yule aliyekuwa akitolewa darasani kwa ajili ya mkate akaja kuwa kadhi mkuu wa dola yote katika zama za Khalifa Harun ar-Rashid, akamwandikia Khalifa kitabu cha mambo ya kharaji na mapato ya serikali, akafa mwaka 182 (798) na ulimwengu ukimjua.

MTIHANI WAKE NA KUFA KWAKE

Biashara yake ilimpa kitu ambacho wanavyuoni wengi wa zama zake hawakuwa nacho: hakuhitaji mkono wa mtawala. Mwisho wa dola ya Bani Umayya, liwali wa Iraki, Ibnu Hubayra, alimtaka ashike kazi ya serikali. Akakataa. Akapigwa mijeledi siku kwa siku, na inatajwa kuwa ilikuwa 110, kila siku kumi. Hakuregea. Mwaka 130 akahamia Makka, akakaa huko mpaka dola ikawageukia Bani Abbas, mwaka 132 (750).

Kisha Khalifa Abu Jaafar al-Mansur, aliyeanza kutawala mwaka 136 (754), akamtaka awe kadhi. Abu Hanifa akakataa tena, na anasimuliwa kuwa alizikataa pia zawadi za Khalifa. Alichelea kuwa kadhi wa mtawala hataweza kumhukumu mtawala. Akafungwa gerezani Baghdad, akateswa naye amekwisha kuwa mzee. Akafa mwaka 150 (767), umri wake miaka 70 kwa hesabu ya Hijra. Wapokezi wamekhitilafiana kama alikufa ndani ya gereza au baada ya kutolewa. Watu waliohudhuria jeneza yake walikuwa wengi hata ikasaliwa mara kwa mara, akazikwa katika makaburi ya Khayzuran, na mtaa uliokuja kujengwa hapo ukaitwa Al-Aadhamiyya kwa ajili yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lau chakula chake kingalitoka katika hazina ya Khalifa, kukataa kule kungalikuwa kuzito zaidi. Kilitoka katika nyumba yake ya khazi. Aliyejipangia riziki yake ya halali huweza kusema hapana siku inapompasa kusema hapana.

FAIDA ILIYOBAKI

Zile nguo za khazi zimekwisha zamani. Nyumba ya mafundi haipo, wala duka halipo. Lakini mwanafunzi mmoja kijana, Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, aliyezaliwa mwaka 132, aliwahi kusoma kwa Abu Hanifa, kisha akatimiza masomo yake kwa Abu Yusuf, yule aliyesomeshwa kwa fedha ya khazi. Muhammad huyu alirithi kwa baba yake dirham 30,000. Hakununua shamba wala nyumba. Nusu aliitumia katika kusoma nahau na mashairi ya Kiarabu, na nusu katika Hadithi na fiqhi. Kisha akaandika vitabu ambavyo elimu ya Abu Hanifa imehifadhika ndani yake.

Na katika mwaka ule ule wa 150 aliokufa Abu Hanifa, alizaliwa Gaza Imamu Muhammad bin Idris ash-Shafii. Alipokua akaja Baghdad, akakaa mbele ya Muhammad bin al-Hasan, akachukua kwake elimu kiasi cha mzigo wa ngamia, na inasimuliwa kuwa alitumia dinari 60 katika kuvipata vitabu vyake. Imamu Shafii aliwakhalifu watu wa Iraki katika mambo mengi, lakini alikiri wazi kuwa watu wote katika fiqhi ni wategemezi wa Abu Hanifa. Hapo ndipo inapojulikana kuwa maisha haya yanawahusu Mashafii. Mifuko ile ya dirham mia mia aliyopewa kijana maskini wa Al-Kufa iko katika silsila ya elimu inayosomwa katika misikiti ya pwani hii, kutoka mkono hata mkono, baada ya miaka zaidi ya 1,200. Hapana biashara iliyowahi kuleta faida ya muda mrefu kama hiyo.

MAZINGATIO

Katika miji ya pwani wako watu wengi wanaoishi kwa kazi ya nyumbani: mwenye kushona kofia na kanzu, mwenye kupika halua, mwenye kufuma mikeka, mwenye kuuza vyakula mlangoni kwake, na mwenye chumba kimoja cha mbele alichokifanya duka. Wengi wao ni watu wa bidii na wa amana. Na wengi wao kazi zao huanguka, watu wakasema hawana bahati. Mara nyingi si bahati. Ni mfuko mmoja wa nyumba na wa biashara, ni deni lisiloandikwa, ni kazi iliyopokewa bila ya kutajwa siku, na ni mtoto aliyeondolewa chuoni mapema aje kusaidia dukani, akakua hajui kuandika mapatano wala kutambua riba inapomjia kwa jina jingine.

Mwenye kutaka kumfuata Abu Hanifa hahitaji utajiri wake. Naatenge mifuko miwili. Naaandike kila deni, liwe dogo au kubwa. Naaweke siku moja katika wiki, au japo nusu ya siku, ya kukaa na hesabu yake. Naajue kila kitu anachouza kimemsimamia kwa kiasi gani. Naasome mlango wa biashara katika kitabu cha fiqhi, kwa mwalimu, kabla ya mkosi kumsomesha. Naajifunze kazi yake kwa aliyemzidi, wala asione haya kwa umri wake, kwani Abu Hanifa alikaa miaka 18 mbele ya sheikh mmoja. Na katika faida yake naatenge sehemu ijulikanayo kwa kumsomesha mtoto wake, na ikiwezekana na mtoto wa jirani. Sehemu hiyo ikiwa ndogo haidhuru. Huenda mtoto huyo wa jirani ndiye Abu Yusuf wa mji wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abu Hanifa na maimamu wote wa Waislamu, awabariki wenye kutafuta halali katika majumba yao, na awape elimu yenye manufaa. Amin.